Wakala anayebofya kitufe kilekile mara tatu

Ndugu, umeuliza kwa nini wakala wako wa akili mnemba (programu inayojifanyia kazi yenyewe kwa kutumia zana) hurudia kubofya kitufe kilekile wakati zana ya kivinjari umeiandikia maelezo. Maelezo yenyewe ni "hubofya kitufe", basi. Hayatoshi, maana wakala husoma hayo tu, hana wa kumuuliza. Mweleze zana inasubiri nini kabla ya kubofya: kati ya programu za kuendesha kivinjari, Playwright husubiri kitufe kionekane na kitulie, Selenium usipoiagiza haikisubiri. Eleza pia inarudisha nini ikifanikiwa. Ikishindwa je? Hapo ndipo wengi husahau, nami nakusihi upatilie mkazo: andika ujumbe wa kosa kama ulivyo, kisha hatua inayofuata, kwa mfano "kitufe hakipo, soma ukurasa upya, usibofye tena". Zana inayofuta au kulipa, onyo liwe mstari wa kwanza.