Kienyeji si sababu ya kutochemsha maziwa

Dada, umeuliza kama maziwa ya ng'ombe wa kienyeji kutoka Usangu yanaweza kunywewa mabichi kwa kuwa ni mazito na "hayana kemikali". Hapana, chemsha.

Kwa uzito wa maziwa uko sahihi. Zebu wetu, yaani huyo ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, hutoa lita chache tu kwa siku, lakini mafuta mara nyingi hukaribia asilimia 5, wakati ya Friesian, ng'ombe wa kisasa wa maziwa wa kule Rungwe, huwa kama 3.5. Ndiyo maana mtindi wake unasimama hata kijiko hakizami! Ila mafuta hayaui vijidudu. Ng'ombe anayetembea porini akichangia maji na makundi mengine anaweza kubeba brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, au kifua kikuu, na kwa macho anaonekana mzima kabisa. Binadamu akiipata brusela, homa huja na kuondoka, viungo vinauma, anapimwa malaria mara tatu bila jibu. Kugandisha maziwa mabichi hakutoshi. Yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.

Na hilo la kemikali: wa kienyeji naye huchomwa sindano ya oksi (oxytetracycline, dawa ya kuua bakteria), tena mara nyingi na mwenyewe mfugaji. Muulize alichomwa lini, maana kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kukamua au kuchinja.

Nyama, tafuta yenye muhuri wa mkaguzi, uipike iive hadi ndani. Mishikaki yenye damu damu ndiyo njia ya tegu.