BMW 328i au Lexus IS 250: anza na pampu ya maji

Habari ndugu. Umeuliza uchague ipi kati ya BMW 328i na Lexus IS 250, zote za 2009, bei sawa, na mfuko ni wa mwanafunzi. Chukua Lexus.

Ukiamua BMW, yenye injini ya N52 (ya silinda sita), dai kwanza risiti ya kubadilishwa pampu ya maji. Ni ya umeme. Ikifa, injini inachemsha na hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) inaweza kupinda. Kisha mulika tochi chini ya kikombe cha filta ya oili: gasketi ikichoka, oili hudondokea feni belti na kuiharibu.

Lexus nayo hujaza masizi kwenye vali (milango ya kuingizia hewa kwenye silinda), kwa kuwa petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na haipiti kuziosha. Iwashe ikiwa baridi, usikilize kama inatetemeka. Na tafadhali usimalize akiba kwenye kununua. Bakiza ya matairi manne, breki na betri.