Shahada Mbili za Uzamili, Swali Moja: Nilivyosoma Falsafa Pamoja na Maadili ya Tiba

Kila msimu wa udahili hunijia vijana waliosoma falsafa, au wanaotaka kuisoma, wakiniuliza kama inafaa kuiambatanisha na shahada nyingine ya uzamili. Mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna hofu ya ajira: wamekwisha kuambiwa nyumbani kwamba falsafa hailipi, nao wanatafuta shahada ya pili ya kuwakinga, iwe ya biashara, ya sheria au ya afya ya jamii. Mimi nilisoma uzamili wa falsafa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha uzamili wa maadili ya tiba katika chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na kwa mwaka mmoja hivi masomo hayo yalipishana, kwa kuwa tasnifu ya kwanza ilikuwa haijakamilika nilipoanza ya pili. Ninachowaambia ni kwamba shahada ya pili ikitafutwa kwa ajili ya kinga peke yake, zote mbili zitamchosha mtu bila kufaana. Lakini likiwapo swali moja ambalo haliwezi kujibiwa upande mmoja, mzigo hubebeka.

Swali langu lilitoka kwenye fomu. Nilikuwa nikifundisha kwa muda katika chuo cha uuguzi, nikaombwa kusaidia kuwasomea wagonjwa fomu ya ridhaa ya utafiti katika zahanati. Mama mmoja, mkononi ameshika kadi ya kliniki ya mwanawe, alinisikiliza kurasa zote nne bila kunikatiza, halafu akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini kuridhia siwezi kuridhia leo, mpaka nikaongee na wenzangu nyumbani." Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, cha ndiyo na cha hapana. Mwenzangu aliweka alama kwenye hapana, tukamwita anayefuata.

Neno lile halikunitoka. Ridhaa ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa radhi: mtu huwa radhi, huombwa radhi, na mtoto huogopa kukosa radhi za wazazi wake. Kwa Waswahili neno hili limezoea kukaa baina ya watu. Je, tulichomwomba yule mama ndicho kilichokusudiwa na Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi, ambazo sharti lake la kwanza ni kwamba anayefanyiwa utafiti akubali kwa hiari yake mwenyewe? Hapo ndipo nilipoona kwamba falsafa peke yake isingenifikisha zahanati, na maadili ya tiba peke yake yasingenipa nafasi ya kutosha kulichambua neno.

Muhimbili nilijifunza historia ambayo ni lazima kila mtu anayezungumzia ridhaa aijue. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kupewa tiba, ingawa katika miaka ya 1940 penisilini ilikuwa imekwisha kujulikana kuwa dawa ya ugonjwa huo. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti kwa binadamu uliotokana na fedheha hiyo, iliweka misingi mitatu: heshima kwa watu, kutenda mema, na haki. Nilipoipeleka misingi hiyo kwenye semina ya falsafa, niliulizwa ni mtu yupi huyo anayeheshimiwa. Ni yule wa mwanafalsafa Mjerumani Kant, mwenye akili inayojitungia sheria yenyewe, au ni mtu ambaye utu wake hukamilika akiwa pamoja na wengine? Msaada mkubwa niliupata kwa Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, ambaye aliwahimiza wenzake wa Afrika kulifikiri swali la kifalsafa kwa lugha zao wenyewe na kutazama ni nini kinachosalia. Nilifanya hivyo kwa ridhaa, na ndiyo ikawa sura ya pili ya tasnifu yangu ya falsafa.

Jambo gumu kuliko yote, na ambalo sikuonywa na mtu, ni kwamba masomo haya yanadai mikono miwili tofauti ya kuandika. Nilimpelekea msimamizi wangu wa falsafa rasimu iliyojaa maneno ya watu niliowahoji, akairudisha na mstari mmoja pembeni: "Hao kumi na mmoja wamesema. Wewe unasema nini?" Miezi michache baadaye nilimpelekea msimamizi wa upande wa pili sura niliyojivunia hoja zake, naye akaandika neno moja tu, "Umejuaje?" Nilihitaji muda mrefu kukubali kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Tangu hapo nikawa na madaftari mawili, moja la yale niliyoyasikia na kuyashuhudia, jingine la yale ninayoyadai na sababu zake, na sikuruhusu sentensi ihame kutoka daftari hili kwenda lile bila kujiuliza imebeba ushahidi gani. Hata usomaji hutofautiana. Makala za maadili ya tiba niliweza kuzisoma ndani ya basi la mwendokasi kutoka Ubungo hadi kituo cha Fire. Kurasa tano za Kant zilitaka meza, penseli na asubuhi nzima.

Kabla ya kujiandikisha, piga hesabu ya saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi. Shahada mbili ni saa 3,600. Mwenye ajira anayepata saa 4 kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, atahitaji siku 900, yaani karibu miaka miwili na nusu. Kwa hiyo usizianze zote siku moja. Maliza mitihani ya kozi za uzamili wa kwanza, na pendekezo la utafiti liwe limepita, ndipo uingie ya pili; na uliza kwa barua, ukapate jibu kwa maandishi, kama kila chuo kinaruhusu masomo kupishana. Jibu la mdomo halitakusaidia.

Tena, usidhani swali moja maana yake ni tasnifu moja. Katika kurasa za mwanzo za kila tasnifu kuna Tamko unaloweka sahihi kwamba kazi hiyo haijawahi kuwasilishwa kwa ajili ya shahada nyingine. Yangu ya falsafa ilichambua dhana. Ya pili ilikuwa mahojiano na akina mama pamoja na wauguzi. Hakuna aya iliyorudiwa, na pale nilipohitaji hoja ya tasnifu ya kwanza niliitaja kama ninavyotaja kazi ya mtu mwingine.

Kosa langu lilikuwa la kibali. Niliwasilisha maombi ya kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti kwa watu, nikiwa na fomu ya Kiingereza tu, nikidhani tafsiri ningeileta baadaye, na kamati ikayarudisha. Nilipoteza miezi miwili na ada ya muhula, na iliniuma zaidi kwa kuwa mimi, niliyekuwa nikiandika juu ya lugha ya ridhaa, niliiacha lugha ya wahojiwa wangu iwe ya mwisho. Tafsiri iandikwe kwanza. Isomee watu watatu wasiosoma chuo chako, usikilize wanakwama wapi.

Katika tasnifu ya pili nilipendekeza kisanduku cha tatu: "Ninahitaji muda wa kushauriana." Watahini walinibana hapo kwa haki, wakiuliza kama sikuwa ninamkabidhi mume au wakwe uamuzi wa mwanamke. Jibu lilitoka kwenye daftari la falsafa: anayeshauriana bado ndiye anayeamua, mradi arudi mwenyewe, aulizwe faraghani, na sahihi au dole gumba liwe lake. Nililiandika sharti hilo chini ya kisanduku, kwa maneno ambayo yule mama wa zahanati angeweza kusomewa mara moja akaelewa.