Amboni kwenda na kurudi siku moja? Dada, lala Tanga

Dada mleta mada, umeuliza mvae nini, mbebe chakula au mle hukohuko, kiingilio ni kiasi gani, na kama elfu tisini kwa kichwa ni bei halali ya ile kosta ya kutoka Dar ya "Mapango ya Amboni na Ziwa, kwenda na kurudi Jumapili", ukiwa na mama mwenye magoti mabovu na watoto wawili. Mimi nilipofika kwenye "kwenda na kurudi" nikaacha kusoma.

Usiende hivyo. Amboni nenda, ila Jumapili hiyohiyo usirudi. Lala Tanga.

Tangazo lenyewe nalijua, na mimi ndilo lililoninasa. Picha si ni ile ya maji ya buluu, mizizi ya miti, na kijana anajirusha kwa kamba? Ile ni chemchemi ya Chemka, dada! Iko Hai, Kilimanjaro. Amboni hakuna ziwa. Kuna mto Mkulumuzi, na kuna chemchemi ya maji moto ya Galanos yenye salfa inayonuka kama mayai viza, nayo tuliishia kuisikia tu kwa wenyeji. Nilipomuuliza mratibu wa safari ziwa liko wapi akanijibu, "Bahari si mmeiona?" Nikacheka. Ningefanyaje, na hela nimeshatuma yote?

Sasa sikia safari yenyewe. Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350. Mratibu anakwambia masaa manne na nusu tu, mmefika. Huyo hajawahi kukaa nyuma ya malori kati ya Kibaha na Chalinze, au alikuwa amelala. Kila kijiji kina kibao cha 50, na askari wa tochi ya kupima spidi yuko chini ya mwembe anawasubiri. Faini elfu thelathini, na sisi abiria tukaombwa "tumchangie dereva", eti tulimharakisha. Halafu ongeza ile ya kuambiwa tunaondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri, kumbe kuna wapenzi wawili bado wanaoga Tabata. Tukaondoka jua limeshatoka. Chai Chalinze. Kujisaidia Segera. Picha na machungwa Muheza, maana kuna dada asingeweza kuishi bila picha na machungwa. Tumeingia Tanga mjini watu wana njaa, tukala kwanza.

Pangoni tumefika saa kumi jioni.

Mapango yako kumi, wageni mnaingizwa moja tu, na hilo moja linatosha kabisa ukiwa na muda. Ndani giza totoro, joto la unyevunyevu, mavi ya popo chini, na kuna mahali unapita umeinama mpaka kidevu kinagusa goti (mama yako hapo atakaa nje, mwandae mapema). Tulikuta mahali pa kutambikia: chupa za marashi, sarafu, vitambaa. Mtembezaji anamulika dari, anakuonyesha jiwe la chokaa lililoshuka tone kwa tone, ncha yake bado mbichi. Ndiyo kwanza anaanza habari za Osale Otango aliyejificha humo akiwakimbia wakoloni, nikasikia honi nje. Mratibu! Chokaa ya tangu enzi za Jurasiki, miaka kama milioni 150, sisi tukaipa dakika ishirini. Hadi leo sijui Otango aliishia wapi, na nimegoma kuitafuta mtandaoni kwa hasira.

Hayo yote ningesamehe. Nisichosamehe ni kurudi.

Dereva alikuwa yuleyule. Ameamka usiku wa manane, ameendesha mchana kutwa, sasa anaturudisha gizani. Baada ya Segera akaanza kujipiga vibao mashavuni. Akafungua chupa ya maji akajimwagia kichwani huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nikapewa kazi ya kumpigisha stori. Nimemsimulia Simba na Yanga mpaka nikaanza kutunga mechi. Tulipokaribia Kabuku taa zikamulika matawi ya miti barabarani, na kabla hajashika breki vizuri, tela la lori limeharibika mbele yetu, halina taa hata moja. Alikwepa. Mama mmoja nyuma akaanza "Ya Latifu, Ya Latifu" na hakunyamaza mpaka Chalinze. Mratibu? Amelala, ameegemea boksi la soda.

Mbezi tukashushwa saa saba usiku. Daladala hakuna, bajaji inataka bei ya ndege, na Jumatatu kazini. Nilipodai nirudishiwe hela ya hilo ziwa lao, nikaondolewa kwenye grupu.

Kwa hiyo Jumamosi pandeni basi la asubuhi pale stendi ya Magufuli, saa nane au tisa mchana mko Tanga. Gesti za mjini zipo za kila mfuko. Jumapili asubuhi kabla jua halijakolea mchukue bajaji au teksi, ni kama kilomita nane tu kwa barabara ya Horohoro, mtembezaji hana haraka na nyie hamna haraka. Galanos mpitie mkirudi. Mchana basi la Dar, na jua likizama mko karibu na Chalinze badala ya kuwa ndiyo kwanza mnaitafuta Segera.

Viatu vyenye meno. Ndala hapana.

Na kama kulala haiwezekani kabisa, wapeleke watoto Pugu. Kuna mapango yaliyochimbwa udongo wa kaolini na popo wamejaa, na mtarudi nyumbani kula ugali wenu. Ziwa la buluu hakuna, ila angalau hakuna atakayewadanganya kwamba lipo.

Advansi umeshatuma au bado?