Ajali haina kinga? Namna ya kusoma vitabu vinavyobisha

Ajali kubwa ikitokea, kabla hata miili haijaisha kutolewa, kuna mtu atasema ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema, kuwafariji wafiwa, na msibani hakuna anayebisha. Lakini ipo rafu nzima ya vitabu ambavyo kazi yake ni kuuchukua msemo huo na kuuliza: kinga ipi ilikuwepo, nani aliiondoa, lini, na siku ile anaiondoa aliona nini hata akaona ni sawa? Ni vitabu vizuri mno, na wengi huviacha njiani kwa sababu wameanza na kile kigumu, au wamevisoma kama hadithi za kutisha.

Kabla ya kufungua chochote, malizana na neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, hatari ni neno moja linalobeba mambo mawili ambayo vitabu hivi huyatenganisha. Kisima kisicho na mfuniko ni hatari. Uwezekano wa mtu kutumbukia, pamoja na ukubwa wa madhara yatakayompata, ni jambo jingine. Wakaguzi wa hesabu wa Tanzania huliita kihatarishi. Kisima ni kilekile, lakini kihatarishi cha uani penye watoto sita si sawa na cha uani pasipo mtoto hata mmoja. Andika maneno haya mawili ndani ya jalada la daftari lako. Usipoyatenganisha, nusu ya hoja za waandishi hawa zitakupita.

Daftari lenyewe liwe la kaunta, kwaya mbili linatosha, na kila kitabu kipewe kurasa zake zenye safu tatu. Safu ya kwanza: kitu gani kilijulikana kabla ya ajali, pamoja na tarehe. Ya pili: nani alikijua. Ya tatu ndiyo roho ya zoezi zima: ingemgharimu nini mtu huyo kusimamisha kazi siku hiyo. Wasomaji wengi hujaza mbili za mwanzo wakaridhika, kisha wakatoka na orodha ya wazembe. Safu ya tatu ndiyo inayoonyesha kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayeipenda kazi yake, alinyamaza.

Anza na hesabu. Risk Savvy cha Gerd Gigerenzer, cha mwaka 2014, ni chepesi kusoma na kinakupa kipimo utakachotumia kwa vyote vinavyofuata. Kinasimulia kilichotokea Uingereza mwaka 1995: wanawake walitangaziwa kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa kwa asilimia 100. Wengi wakaacha kuvimeza, na mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba viliongezeka. Ile asilimia 100 ilikuwa nini? Kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, mmoja alipata tatizo. Kati ya 7,000 waliotumia vipya, wawili. Kutoka mmoja kwenda wawili ni asilimia 100 kweli, wala hakuna aliyedanganya, lakini aliyesikia redioni hakusikia mmoja na wawili.

Basi kila ukikutana na asilimia, irudishe kwenye vichwa vya watu. Chukua karatasi ya hesabu yenye miraba, pima eneo la miraba 25 kwa 40, upate miraba 1,000. Tuseme kati ya wanawake 1,000 wanaopimwa saratani ya matiti, 10 wanayo. Kipimo kinawabaini asilimia 90 ya wenye ugonjwa: paka rangi miraba 9. Lakini kipimo hichohicho kinawakosea asilimia 9 ya wazima, na wazima ni 990: paka miraba mingine 89 kwa rangi tofauti. Sasa tazama karatasi. Walioambiwa wana dalili ni 98, na wenye ugonjwa kweli ni 9 tu kati yao. Mwanamke aliyepata jibu hilo anahitaji kipimo cha pili haraka, lakini hana sababu ya kuanza kuandika wosia. Ukiisha kupaka karatasi moja kwa mkono wako, hutahitaji kukumbushwa tena.

Kitabu cha pili ni Normal Accidents cha Charles Perrow, kilichotoka mwaka 1984. Usikisome moja kwa moja mpaka mwisho. Soma utangulizi, sura ya 1 na sura ya 3, kurasa 15 kwa siku, kisha uchague sura moja ya sekta unayoijua: ya 5 ni ya ndege, ya 6 ni ya meli, ya 7 ina mabwawa na migodi. Nyingine zinaweza kusubiri.

Sura ya 1 inahusu kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri. Isome polepole hapo penye taa. Pampu zilizima, presha ikapanda, vali ya kupunguza presha ikafunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakwama wazi. Kwenye paneli, taa ya vali hiyo ilizimika. Waendeshaji wakaelewa kuwa vali imefunga. Kumbe taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Maji ya kupoza kinu yakamwagika kwa zaidi ya saa mbili huku watu waliosomea kazi hiyo wakiitazama paneli iliyowaambia mambo ni shwari. Upande mwingine, vali za maji ya dharura zilikuwa zimeachwa zimefungwa baada ya matengenezo, na taa mojawapo ya kuonyesha hivyo ilifunikwa na kikaratasi cha mafundi kilichoning'inia juu yake.

Jaza daftari hapo hapo. Safu ya kwanza: Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse huko Ohio, chenye kinu kilichotengenezwa na kampuni ileile, vali ya kazi hiyohiyo iliwahi kukwama wazi. Miezi 18 kabla.

Hoja ya Perrow inategemea mambo mawili. La kwanza ni mtambo ambao sehemu zake zinaingiliana kwa namna ambayo hata aliyeujenga hakuiwazia. La pili ni kubanana: umeme ukikatika saluni, mteja atasubiri, ukikatika chumba cha upasuaji, hakuna kusubiri. Mambo haya mawili yakikutana, anasema, ajali ni sehemu ya kawaida ya mtambo, na kila kinga unayoongeza inaweza kuleta mwingiliano mpya. Kwa hiyo usimweke haraka upande wa wanaopinga msemo wetu. Kwa mitambo ya aina hiyo anakubali kwamba ajali haina kinga, ila hasemi ni majaliwa. Anasema ni watu waliochagua kuujenga mtambo hivyo, na mingine isingepaswa kujengwa kabisa.

Cha tatu, na kwa maoni yetu ndicho bora kuliko vyote, ni The Challenger Launch Decision cha Diane Vaughan, cha mwaka 1996. Ni kinene, zaidi ya kurasa 400, kwa hiyo kipe wiki nne. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, tarehe 28 Januari 1986, na watu saba wote wakafa. Kilichoshindwa ni oringi, mpira wa kuzibia maungio ya roketi ya pembeni. Ukoo mmoja na oringi anazobadilisha fundi pikipiki, ila hizi zilizunguka roketi nzima. Baridi iliufanya mpira ukakamae, ukashindwa kujaza nafasi, na gesi ya moto ikapenya.

Soma sura ya 1, halafu simama. Andika kwenye ukurasa wa peke yake nani mwenye kosa, kisha ukunje ukurasa huo. Usiufungue mpaka umalize sura ya 8, ambayo inarudia usiku uleule wa kuamkia siku ya kurusha, safari hii ukiwa unajua waliyokuwa wakiyajua wale walioamua kirushwe. Karibu kila msomaji hukuta ameandika jina la bosi fulani au neno tamaa, na karibu kila mmoja hutaka kubadilisha. Vaughan anaonyesha kwamba wale watu hawakuvunja taratibu, walizifuata. Tangu safari ya pili, mwaka 1981, oringi zilikutwa zimeliwa na moto, na chombo kikarudi salama. Zikaliwa tena, kikarudi tena. Kila kurudi salama kukawa ushahidi kwamba kuliwa kidogo si neno. Kasoro ikazoeleka, ikaandikwa kwenye makaratasi, ikapata hadhi ya kitu kinachokubalika. Mdharau mwiba mguu huota tende, tunasema. Lakini hapa mwiba haukudharauliwa, ulipimwa na kusainiwa.

Kwenye kitabu hiki fanya mchoro mmoja kwa mkono. Mstari wa chini uwe joto, wa kwenda juu uwe idadi ya kasoro za oringi. Weka kwanza safari zenye kasoro tu: zimetawanyika kuanzia nyuzi 12 hadi 24 za Selsiasi, na hazionyeshi chochote. Ndivyo zilivyotazamwa usiku ule. Sasa ongeza safari zisizo na kasoro. Katika safari 20 za nyuzi 19 na kuendelea, tatu tu zilikuwa na tatizo. Katika safari nne za nyuzi 17 kushuka, zote nne. Asubuhi ya Challenger ilikuwa karibu nyuzi 2. Wahandisi walishauri kisirushwe chini ya 12, lakini mchoro kamili haukuwa mezani. Kosa hili la kutazama yaliyoharibika peke yake, bila yaliyopona, ndilo tunalolifanya kila tunapojadili ajali za barabarani, kwa hiyo lipe muda.

Baada ya mitambo, geukia watu. Heat Wave cha Eric Klinenberg (2002) kinachunguza joto la Chicago la Julai 1995, lililoua watu 739 zaidi ya kawaida. Shika sura inayolinganisha mitaa miwili jirani, North Lawndale na South Lawndale, yote yenye wazee maskini wanaoishi peke yao. Wa kwanza ulikuwa na vifo mara kumi ya wa pili ukilinganisha na idadi ya wakazi. Mwandishi anakuonyesha maduka, vibaraza, viwanja vilivyo tupu, na mzee anayeogopa kufungua mlango. Everything in Its Path cha Kai Erikson (1976) ni cha bonde la Buffalo Creek, West Virginia, ambako bwawa la taka za makaa ya mawe lilipasuka tarehe 26 Februari 1972, likaua watu 125 na kuwaacha takriban 4,000 bila makazi. Kampuni ya mgodi ilisema ni tendo la Mungu. Wakazi, watu wa kanisa, waliliona hilo kama tusi kwa Mungu wao. Kisha waathirika wakagawiwa nyumba za muda bila kujali nani alikuwa jirani ya nani, na Erikson anaandika jinsi hilo lilivyowaumiza kwa namna ambayo fidia haikugusa. Kwa kitabu hiki ongeza safu ya nne: kilichopotea kisichohesabika.

Risk Society cha Ulrich Beck kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1986, na ndicho watu hukinunua kwanza kwa sababu kinatajwa kila mahali. Kiache mpaka hapa. Ni kigumu, hakina ajali moja ya kushika mkononi, na ukikisoma bila vile vya mwanzo utabaki na misamiati tu. Risk and Culture cha Mary Douglas na Aaron Wildavsky (1982) kisome sambamba nacho, maana vinavutana: kimoja kinaziona hatari mpya zikikua, kingine kinauliza kwa nini jamii huchagua kuogopa hili na si lile. Kitabu cha Svetlana Alexievich kuhusu ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ni sauti za watu walionusurika. Kisome mchana, sura moja moja, na usikiweke kwenye ratiba ya kurasa.

Kama mnasoma kwa kikundi, watu watano hadi saba wanatosha, dakika 90 kwa kikao. Weka sharti moja: nusu saa ya kwanza hakuna kutaja mkosaji, ni kujaza safu tu. Bila sharti hilo kikao huisha kwa laana. Baada ya Vaughan, chukueni tukio la kwetu. Kivuko MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa walizidi 220. Safu ya kwanza hujaa kwa dakika tano. Kaeni kwenye ya tatu: siku ya gulio, mtu wa 102 amesimama na mzigo wake na chombo kingine hakipo. Anayemzuia anazuia nini, na nani atasimama naye?

Kikao cha mwisho kifanyieni nje. Chagueni kitu kimoja ambacho kila mmoja anakifikia kwa miguu: stoo ya mitungi ya gesi iliyopakana na mama ntilie, transfoma yenye waya ulioshuka, kivuko cha wanafunzi kwenye barabara kuu. Hesabuni kwa saa moja ni watu wangapi wanapita, andikeni tarehe, ulizeni nani ameshaambiwa na alijibu nini. Kisha pelekeni karatasi hiyo kwenye mkutano wa mtaa safu ya tatu ikiwa wazi, mwenyekiti aijaze mwenyewe mbele ya watu.