Nyani Wakichafua Bwawa la Kuogelea, Usikimbilie Kumwaga Maji

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabora aliniandikia kwamba tumbili wanaoshinda kwenye mwembe wake wameanza kujisaidia katika bwawa la kuogelea alilowajengea wanawe, na kwamba amekusudia kuyamwaga maji yote. Dada yangu, nakusihi usiyamwage. Mimi niliyamwaga, na uchungu wake ninao hadi leo.

Bwawa langu lipo Bangwe, mjini Kigoma. Nilipolijenga, watu waliniuliza kwa nini nihangaike ilhali Ziwa Tanganyika liko chini ya miguu yangu. Hawakujua kwamba mdogo wangu aliugua kichocho baada ya kuogelea ufukweni penye majani na konokono, nami nikaapa kuwa wanangu wataogelea katika maji ninayoyajua. Asubuhi moja ya Agosti, wakati wa kiangazi kikali, nilikuta kinyesi cha nyani ukingoni na kingine kimezama kwenye kina kirefu. Tulikuwa na wageni siku hiyo. Shemeji yangu aliwatoa watoto wake mbele ya watu wote, akisema kwamba hawezi kuwaogesha katika maji ya kunyweshea nyani. Sikumjibu. Nilimwaga lita 48,000, nikalipia boza la lita 10,000 kwa safari tano, na siku ya tatu nyani wakarudi, wakayakuta maji mapya ambayo sikuwa nimeyatia klorini hata kidogo.

Ndipo nilipoanza kusoma na kupima. Watoe watu wote bwawani, kiopoe kinyesi kwa wavu au ndoo, ukifukie mbali, wala usikivute kwa mpira wa kusafishia sakafu ya bwawa, kwa maana utausambaza uchafu ndani ya mabomba. Kisha hakikisha klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika na iko tayari kuua vijidudu, imefika miligramu 2 kwa kila lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, haizidi 7.5, uache pampu ikizunguka kwa dakika 30, huku wavu wenyewe ukiwa umezamishwa humo humo. Kwa bwawa kama langu, lisilo na klorini kabisa, hiyo ni takriban gramu 150 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65. Utie unga katika ndoo yenye maji, usimimine maji juu ya unga, na usiuchanganye na dawa nyingine yoyote. Panya au chura aliyefia majini hushughulikiwa vivyo hivyo, ila vaa glavu.

Nasisitiza kupima, kwa sababu jua la huku huila klorini upesi, na maji yanaweza kung'aa huku hayana kinga yoyote. Klorini ya kutosha huua bakteria wengi wa kinyesi ndani ya dakika chache, lakini kimelea kama kriptosporidiamu, kinacholeta kuharisha, huweza kuishi siku kadhaa katika maji yenye klorini ya kawaida; kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie bwawani kabisa. Wazazi wenzangu, tunawalaumu wanyama upesi mno, ilhali wao wanatafuta maji tu, na sisi ndio tuliowawekea bila kifuniko. Kuwawekea sumu ni ukatili, tena ni hatari kwa watoto wetu wenyewe.

Kwa hiyo, dada yangu, kata matawi yanayoning'inia juu ya bwawa, okota maembe yaliyoanguka kila siku, na ufunike bwawa usiku. Turubai livutwe likaze na kufungwa pande zote, kwa kuwa lililolegea hukusanya maji ya mvua na mtoto anaweza kunasa chini yake. Mimi nimelaza pia ubao wenye mikwaruzo kutoka majini hadi ukingoni, ili kalunguyeye na vyura watakaopenya wapate pa kupandia. Tangu Oktoba sijaokota mzoga hata mmoja, na mwezi uliopita watoto wa shemeji yangu waliogelea hapa siku nzima, baada ya mimi kumwonesha baba yao kipimo cha maji kwa macho yake.