Zumu si sawa na kusogeza kamera

Kwa swali lako kama kuvuta picha kwa zumu kunaweza kuchukua nafasi ya kusogeza kamera yenyewe kuelekea kwa mwigizaji, jibu ni hapana, hata kama mwishoni uso utajaza fremu kwa kiasi kilekile. Zumu hukuza vyote kwa pamoja, mwigizaji na ukuta ulio nyuma yake, kwa hiyo uwiano wao haubadiliki na picha huonekana bapa. Kamera inaposogezwa juu ya reli, uso hukua upesi kuliko ukuta, vitu vya pembeni hupita na kutoka nje ya fremu, na mtazamaji huhisi kwamba yeye ndiye anayesogea. Tofauti hiyo ndiyo iliyotumiwa katika Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958, ambapo kamera na zumu huenda pande zinazopingana, na kina cha ngazi za mnara kikaonekana kurefuka. Kwa mazungumzo ya kawaida ningesogeza kamera polepole, nikaiachia zumu matukio yasiyorudiwa, kama harusi, ambako hakuna hata nafasi ya kutandika reli.